Hasira za Agosti: kisa cha shabiki wa Yanga na Arsenal

Jumamosi ya tarehe 28 Agosti 2021 Arsenal ilipigwa 5-0 na Manchester City. Kesho yake Jumapili, kwenye kilele cha Wiki ya Mwananchi, sherehe ya Yanga ya kuonyesha timu mpya, ikafungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia pale kwa Mkapa, mbele ya watu wake waliokuja na jezi mpya. Shabiki wa timu moja kati ya hizo aliharibikiwa wikiendi. Shabiki wa zote mbili, kama jirani yangu wa kibaraza hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Jumatatu alifika kazini saa tano, na alikuja tu kwa sababu simu ya mteja ililala mezani kwake.

Nitamwita Fundi, maana hata wateja wake wengi hawamjui kwa jina jingine. Anatengeneza simu. Mimi nauza kava na chaja meza inayopakana na yake, na ni mtu wa Msimbazi, yaani Simba, tangu utotoni. Hilo nalisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtani.

Kisa chake nimekichagua kwa sababu ya kalenda. Wiki nne baada ya wikiendi ile ya msiba, Jumamosi ya tarehe 25 Septemba, Yanga iliifunga Simba 1-0 na kuchukua Ngao ya Jamii. Jumapili yake Arsenal ikaichapa Tottenham 3-1. Katikati ya wikiendi hizo mbili Fundi alikuwa anataka makocha wawili wafukuzwe, Mikel Arteta kule London na Nasreddine Nabi wa Yanga hapa Jangwani, tena mara nyingine kwa pumzi moja. Mwisho wa msimu Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na Arsenal ilikuwa ya tano.

Kwa haraka haraka mtu atasema Fundi alikosa subira, kwisha habari. Mimi naona hapana. Kukasirika alikuwa na haki, na haki kubwa kuliko waliokuwa wakimtuliza. Alichokosea ni anwani ya hasira zake.

Tuanze na Arsenal, maana ndiyo iliyoanza kumtesa.

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti, saa nne usiku kwa saa zetu, Arsenal ilifungua msimu ugenini kwa Brentford. Brentford ilikuwa inacheza mechi yake ya kwanza ya ligi ya juu baada ya miaka 74. Bandani Buguruni, anapoangalia mpira Fundi, watu wengi waliiweka Arsenal kwenye mkeka wa kubeti kama timu ya uhakika. Timu iliyopanda daraja juzi itafanya nini? Sergi Canós akafunga dakika ya 22. Banda likaguna, lakini bado kulikuwa na muda. Dakika ya 73 ukaja mpira mrefu wa kurusha kutoka pembeni, ukadunda ndani ya boksi katikati ya watu wenye jezi nyekundu, hakuna aliyeuondoa, Christian Nørgaard akaweka kichwa. 2-0. Kilichomuuma Fundi si bao, ni namna. Alisimama, akageuka nyuma kama vile kuna mtu wa kumjibu: "Mpira wa kurusha, jamani? Kwa mkono? Unadunda mbele ya kipa?" Aliyekaa nyuma yake, mtu wa Manchester United, akamwambia, "Kaa chini kaka, unatukinga."

Baada ya hapo ikaja Chelsea, pale pale Emirates, Jumapili ya tarehe 22. Romelu Lukaku karudi Chelsea akafunga dakika ya 15, Reece James akaongeza dakika ya 35, mechi ikaishia hapo, iliyobaki ilikuwa kusubiri filimbi. Kesho yake mteja wa Chelsea alifuata simu yake, akauliza bei, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Fundi, si unipunguzie? Najua uko kwenye matanga." Fundi alimpunguzia. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Halafu tarehe 25, Kombe la Ligi, Arsenal ikaifunga West Brom 6-0, Pierre-Emerick Aubameyang mabao matatu. Ile mechi, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomharibu zaidi. Ilimpa tumaini la siku tatu. Alikwenda bandani Jumamosi saa nane na nusu mchana akiamini tatizo lilikuwa washambuliaji na limekwisha. İlkay Gündoğan dakika ya 7, Ferran Torres dakika ya 12, Granit Xhaka kadi nyekundu dakika ya 35, Gabriel Jesus kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Rodri na Torres tena. Arsenal ilipiga shuti moja mechi nzima.

Mechi tatu, mabao tisa ya kufungwa, hakuna la kufunga, nafasi ya 20 kati ya timu 20. Mara ya mwisho Arsenal kupoteza mechi zote tatu za kwanza za ligi ilikuwa msimu wa 1954/55. Na hii haikuwa timu iliyotoka kwenye neema: misimu miwili mfululizo ilikuwa imemaliza ya nane, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25 haikuwa na kombe lolote la Ulaya la kucheza.

Ubaya wa pili ulikuwa ratiba. Baada ya City ligi ilisimama kupisha mechi za timu za taifa, kwa hiyo msimamo ule ulikaa vile vile mpaka tarehe 11 Septemba. Wasiofuatilia mpira hawaelewi uzito wa jambo hili. Ukifungwa Jumamosi na ukacheza tena Jumatano, utani una siku nne za kuishi. Ukifungwa ukakaa wiki mbili, utani unazaa. Kila aliyepita kibarazani alikuwa na wake. Uliodumu ni wa kijana muuza miwani: "Fundi, geuza simu juu chini uangalie msimamo. Mnaongoza ligi." Alikuwa anasema hivyo kila asubuhi kabla hata ya salamu.

Sasa, malalamiko ya Fundi yalikuwa nini hasa? Nimeyasikia yote, meza zetu zinagusana. Ukiondoa matusi yalibaki matatu. Kwamba kocha hajui kupanga timu. Kwamba klabu imemwaga hela kwa wachezaji wasioonekana. Kwamba wachezaji hawana uchungu na jezi. Hili la tatu naliacha, kila shabiki aliyefungwa husema hivyo na hakuna wa kulipima. Mawili ya kwanza yanataka kuangaliwa pamoja, kwa sababu jibu la moja limekaa ndani ya jingine.

Tazama nani hakuwepo. Kwa Brentford, Aubameyang na Alexandre Lacazette hawakucheza. Klabu ilisema ni wagonjwa, baadaye ikathibitishwa ni Uviko. Beki Ben White, aliyenunuliwa kwa pauni milioni 50 kutoka Brighton, alicheza mechi ile ya kwanza kisha naye akapata Uviko, akakosa Chelsea na City. Gabriel Magalhães na Thomas Partey walikuwa majeruhi. Martin Ødegaard na kipa Aaron Ramsdale walitangazwa tarehe 20 Agosti, wiki moja baada ya ligi kuanza. Takehiro Tomiyasu, beki wa kulia, alisajiliwa tarehe 31 Agosti, siku ya mwisho ya dirisha, wakati timu imeshakula mabao tisa.

Halafu angalia mechi ya Norwich, tarehe 11 Septemba. Golini Ramsdale, mabeki Tomiyasu, White, Gabriel na Kieran Tierney. Kati ya hao watano, aliyekuwa uwanjani siku ya mabao matano ya City ni Tierney peke yake. Kocha ni yule yule, mwenye sura ile ile ambayo Fundi alikuwa hataki kuiona kwenye runinga. Arsenal ikashinda 1-0, bao la Aubameyang. Wiki iliyofuata ikashinda 1-0 kwa Burnley, frikiki ya Ødegaard. Timu iliyoruhusu mabao tisa katika mechi tatu ikakaa mechi mbili bila kufungwa.

Norwich na Burnley si City na Chelsea, najua. Norwich nayo ilikuwa imepoteza zote tatu. Ndiyo maana sisemi Arteta aligeuka bingwa ndani ya wiki mbili. Nasema kwamba mechi tatu za Agosti hazikuwa kipimo cha kocha kwa upande wowote, kwa sababu timu aliyokusudia kuichezesha haikuwa imecheza pamoja hata dakika moja.

Lakini hapo hapo ndipo Fundi anapopata haki yake. Wagonjwa tunawasamehe, hakuna aliyeomba Uviko. Aliyesajiliwa siku ya mwisho ya dirisha hakuugua. Klabu iliyojua tangu Mei kwamba imemaliza ya nane ilikuwa na kiangazi kizima cha kutafuta beki wa kulia, ikamleta baada ya mechi tatu kwisha. Kauli ya "hela imemwagwa kwa wasioonekana" ilikuwa na kweli ndani yake. Walikuwa hawaonekani kwa sababu walikuwa hawajafika.

Nilimwambia hivi Fundi wakati ule. Alinijibu bila kuinua macho, ameshika solda, kwa jina wanalotutania sisi wa Simba: "We Kolo, shughulika na kava zako."

Kwa Yanga mambo ni mazito zaidi, na hapa najitahidi kuacha ushabiki pembeni. Mwaka 2021 Yanga ilikuwa imekaa misimu minne bila ubingwa, yote minne ikiwa imebebwa na Simba. Julai 25 ilikuwa imepoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Kigoma, 1-0, bao la Taddeo Lwanga. Kwa hiyo usajili wa kiangazi kile ulikuwa wa kulipa madeni: Fiston Mayele na Djuma Shaban kutoka AS Vita ya Kinshasa, kiungo wa Uganda Khalid Aucho, kipa wa Mali Djigui Diarra, Yannick Bangala. Agosti 24 ikamtambulisha hata Haji Manara, aliyekuwa msemaji wetu sisi Simba. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa sina la kusema kibarazani, na Fundi alinunua soda ya kila mtu.

Siku tano baadaye ndipo Zanaco. Mechi ya kirafiki, ndiyo, na timu ilikuwa imetoka kambini Morocco. Lakini Wiki ya Mwananchi haichezwi kirafiki vichwani mwa watu. Wamelipa kiingilio, wamepanda magari kutoka mikoani, wamekuja kuonyeshwa timu.

Kisha likaja lenye uzito kweli. Raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Jumapili ya tarehe 12 Septemba, Yanga na Rivers United ya Nigeria hapa Dar. Yanga ikafungwa 1-0 nyumbani. Mayele, Aucho na Djuma Shaban hawakucheza. Hawakuwa wagonjwa wala majeruhi. Hati zao za uhamisho wa kimataifa, ile ITC inayozungumzwa kila msimu, zilikuwa hazijakaa sawa kwa wakati. Jumapili iliyofuata, Port Harcourt, 1-0 tena. Yanga nje.

Angalia kalenda ilivyokuwa inamchezea huyu mtu. Jumamosi ya tarehe 11 Arsenal inashinda, Jumapili ya 12 Yanga inafungwa. Jumamosi ya 18 Arsenal inashinda, Jumapili ya 19 Yanga inatolewa. Alikuwa anapata kwa mkono mmoja ananyang'anywa kwa mwingine. (Jumapili hiyo hiyo ya 19 ilikuwa Simba Day na TP Mazembe walitufunga 1-0, kwa hiyo Jumatatu yake kibaraza chote kilikuwa kimya. Muuza miwani, ambaye hana timu ya bongo, alifurahi peke yake.)

Usiku wa Port Harcourt Fundi alituma kwenye grupu letu ujumbe wa sauti mrefu. Nabi hajui mpira, Nabi arudi kwao Tunisia, Nabi kaikuta timu inacheza kaiharibu. Asubuhi mzee wa kahawa, anayepita Aggrey na birika lake na kashata kabla ya saa tatu, alimkuta bado anaendelea. Mzee huyu ni Yanga wa zamani, wa enzi zile za 1998 Yanga ilipoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Fundi akamwamkia, akapewa kikombe, akaanza upya hadithi ya Nabi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "unamlaumu mpishi, na aliyetumwa sokoni bado hajarudi."

Fundi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mzee, huyo wa sokoni nampatia wapi?"

Swali hilo naliona ndilo kiini cha kisa chote, kuliko hata matokeo. Kocha anaonekana. Anasimama kando ya mstari, kamera inamrudia kila bao likiingia, anahojiwa baada ya mechi, jina lake lipo kwenye skrini. Anayefuatilia hati haonekani. Anayechelewesha malipo haonekani. Anayeamua beki aje siku ya mwisho ya dirisha haonekani. Shabiki anarusha hasira kwenye kichwa kilicho karibu, na klabu nyingi hazilalamikii jambo hilo, kwa sababu kumtoa kocha ni rahisi kuliko kueleza kilichotokea ofisini.

Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya klabu zake mbili, na niliishuhudia kwa macho. Jumatatu ile baada ya Rivers, mchana, Fundi alifunga meza akatembea mpaka makao makuu ya klabu, kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Kutoka Aggrey ni mwendo mfupi tu. Ana kadi ya uanachama. Juni ya mwaka ule wanachama walikuwa wamekutana wakapitisha mabadiliko ya katiba. Alikwenda, akakuta wenzake wamejaa nje, wakapiga kelele, wakabishana wao kwa wao, mmoja akajua habari za ITC vizuri kuliko magazeti, mwingine akazipinga. Hakukutana na kiongozi yeyote. Hakupata jibu lolote rasmi. Alirudi saa kumi akiwa ametulia kabisa, akamalizia simu mbili, akacheka na mteja.

Kwa Arsenal hakuna kona ya kwenda. London haina tawi la Buguruni lenye kadi na mkutano mkuu. Hana tiketi ya kususia, hana kiti cha kuacha wazi, hawezi hata kuzomea akasikika. Kilichobaki ni bandani, kibarazani na kwenye simu. Ndiyo maana, kwa kushangaza, Arsenal ilimtoa moshi zaidi kuliko Yanga, wakati kwa haki msiba wa Yanga ulikuwa mkubwa mara kumi: Arsenal ilikuwa na mechi 35 za kujirekebisha, Yanga imeshatolewa Afrika. Wiki mbili za mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba aligombana na muuza miwani, aligombana na mtoza ushuru, na siku moja alimjibu vibaya dada aliyeleta simu iliyoingia maji kwa kosa la kuvaa fulana ya bluu. Dada wa watu hata mpira haangalii.

Wanaosema watu wetu wanajisumbua bure kushabikia timu za Ulaya huwa wanasema ni mapenzi ya mbali. Mimi umbali siuoni kuwa tatizo. Mapenzi hayana umbali, angalia bandani siku ya Arsenal na Manchester United. Shida ni kwamba shabiki wa Dar anachukua uchungu wote wa uanachama na hapati hata kipande cha mamlaka yake. Jangwani na Msimbazi, pamoja na fujo zetu zote, mtu ana mahali pa kwenda kusimama.

Nirudi kwa waliokuwa wanamtuliza, maana nilisema walikosea kuliko yeye. Maneno yao yalikuwa yale yale ya kila Agosti: ligi ndiyo kwanza inaanza, mechi tatu si kitu, tulia.

Ni kitu. Arsenal ilimaliza msimu wa 2021/22 na pointi 69. Tottenham, waliochukua nafasi ya nne na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, walikuwa na 71. Ushindi kwa Brentford ungefanya 72. Unaweza kuniambia pointi hizo zilipotea kokote, na ni kweli: tarehe 12 Mei walifungwa 3-0 na Tottenham wenyewe, siku nne baadaye 2-0 kwa Newcastle, na hapo ndipo nafasi ya nne ilipoondoka. Msimamo hauandiki pointi za Agosti kwa wino tofauti na za Mei. Lakini za Mei zilipotea kwa timu iliyochoka, ikibanwa na ratiba na kadi na majeruhi. Za Agosti 13 zilipotea kwa timu ambayo haijakamilika kwa sababu watu wamechelewa kuikamilisha. Ningekuwa na kiti cha mkurugenzi, ile ya pili ndiyo ingeninyima usingizi.

Na Yanga? Msimu ule walicheza ligi nzima hawajafungwa, ubingwa wa kwanza tangu 2016/17, na mwendo wao wa kutopoteza ukaendelea mpaka mechi 49, ukakatwa na Ihefu tarehe 29 Novemba 2022. Mayele, Aucho na Djuma, wale wale waliokosekana siku ya Rivers, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu hiyo. Ngao ya Jamii, siku kumi na tatu tu baada ya kufungwa na Rivers hapa Dar, Mayele alitufunga dakika ya 11. Niliiona hiyo nikiwa nimesimama, na naomba tuiache hapo. Ninachotaka kionekane ni kwamba timu bora kuliko zote nchini mwaka ule ilikaa nyumbani wakati Ligi ya Mabingwa Afrika inachezwa. Ilitolewa tarehe 19 Septemba, kabla mechi ya kwanza ya ligi haijapigwa. Ubingwa bila kufungwa haukuirudisha. Walisubiri mwaka mzima.

Kuhusu kumfukuza kocha, sisi wa Msimbazi tulitoa jaribio la upande wa pili. Oktoba 24 tuliwaleta Jwaneng Galaxy ya Botswana hapa kwa Mkapa tukiwa tumewafunga 2-0 kwao. Wakatufunga 3-1 tukatoka kwa bao la ugenini. Siku mbili baadaye klabu ikaachana na Didier Gomes, Novemba akaja Pablo Franco. Yanga waliobaki na Nabi wakachukua ubingwa, sisi tuliobadilisha tukamaliza wa pili. Mfano mmoja hauthibitishi kitu, na Simba ilikuwa na mambo yake mengine ndani. Ila nakumbuka nilivyoshangilia kuondoka kwa Gomes kana kwamba tumesajili mshambuliaji.

Kama ningeombwa kumshauri Fundi wa Agosti ile, nisingemwambia atulie. Ningemwambia abadilishe swali. Badala ya "kwa nini kocha kampanga huyu?" aulize "yule tuliyetangaziwa yuko wapi, na nani alipaswa kumleta?" Pale Twiga na Jangwani swali la namna hiyo linaweza kuulizwa kwa sauti, kwenye tawi, kwenye mkutano, na mtu akalazimika kulijibu. Kwa Arsenal angeliuliza banda la Buguruni, na jibu angelipata kwa mtu wa Manchester United.

Siku hizi ukimuuliza Fundi kuhusu Nabi, aliyeifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, anakuambia alijua tangu siku ya kwanza kwamba yule ni kocha. Anaapa. "Mimi lini nilisema aondoke? Hao walikuwa watu wa Simba." Ile sauti yake ya usiku wa Port Harcourt ninayo mpaka leo, nimeihamisha simu mbili sasa, na siku za derby huwa naiweka kwenye spika ya meza, kwa sauti ya juu, kuanzia dakika ya pili ambapo anasema Nabi akipewa hata Pan Africans ataishusha daraja.